Potifolio ya soshomidia: bosi anataka kuona nini hasa?

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya kazi hapa Kampala, tangazo la kutafuta soshomidia meneja siku hizi linaisha na maneno yaleyale, tuma CV na potifolio. Halafu chini yake vurugu inaanza. Mmoja anauliza potifolio ndio nini, wa pili anamjibu ni linki ya Instagram yako, wa tatu anakataa anasema ni zile posta ulizodizaini, wa nne anasema kama huna wafuasi elfu kumi usijisumbue, na hakosekani yule anayeuza templeti ya potifolio, unamtumia hela kwa mobile money anakutumia PDF ambayo ameuzia watu wengine mia. Banange. Mtu anayetafuta kazi kwa mara ya kwanza anatoka hapo amechanganyikiwa kuliko alivyoingia.

Tuanze na kazi yenyewe maana ndio inachanganya watu kabla hata ya potifolio. Soshomidia meneja ni mtu anayeendesha akaunti za mtu mwingine, iwe duka, shule, kanisa, shirika au mwanasiasa. Anapanga nini kitapostiwa na lini, anaandika kapsheni, yani maneno yanayokaa chini ya picha, anajibu komenti na inboksi, anaangalia namba zinasemaje, halafu anamwambia mwenye mali hela yake na muda wake vimeenda wapi. Dizaina ni mtu mwingine, yeye anachora. Influensa naye ni mwingine, anauza sura yake na wafuasi wake mwenyewe. Kwa hapa kwetu biashara nyingi zinataka mtu mmoja awe wote watatu, apige na picha za harusi ya mtoto wa bosi juu yake, kwa mshahara mmoja, ndio maana watu hawajui tena mpaka uko wapi.

Potifolio sasa ni mkusanyiko wa ushahidi kwamba hiyo kazi ya kuendesha akaunti unaiweza. Ukipita Ndeeba unaona maseremala wamepanga vitanda kando ya barabara, na mnunuzi akisimama hamuulizi fundi cheti, anakishika kitanda anakitikisa, anainama kuangalia viungo, anakwaruza kidogo kwa ukucha aone kama ni mvule kweli au ni mbao ya bei rahisi imepakwa rangi. CV yako inasema tu "natengeneza vitanda". Posta nzuri uliyodizaini ni picha ya kitanda. Potifolio ndio kitanda chenyewe ambacho mtu anaweza kukitikisa, na watu wengi wanatuma picha halafu wanashangaa mbona hakuna anayewapigia.

Kinachotikisika ni hivi: ulikuta hali gani, ukaamua kufanya nini na kwa nini, wewe mwenyewe ulifanya sehemu ipi, na mwishoni nini kilibadilika. Basi. Kila kazi unayoweka kwenye potifolio iwe na majibu ya hayo manne, hata kama ni sentensi mbili mbili.

Mfano wa gomesi

Tuseme kuna dada Wandegeya anakodisha gomesi, zile gauni za kiasili za wanawake, na kanzu za kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa msichana. Namba nitakazotumia hapa ni za mfano tu, lakini hali yenyewe ukiwahi kushika akaunti ya duka utaitambua haraka. Picha zake ni nzuri, nguo zina rangi kali, wasichana wamependeza, na kila picha chini imeandikwa "bei inboksi". Watu wanakuja inboksi kweli, wanauliza nnyabo, yani mama, hii ya kijani ni ngapi, yeye yuko bize anapiga pasi nguo zilizorudi Jumapili, anajibu jioni, na ile jioni mteja ameshakodi kwa mtu mwingine na saa ingine amekasirika kabisa.

Anakupa simu ya duka anakwambia nisaidie. Mtu asiyejua kazi atakimbilia Canva, ile programu ya kudizaini, atengeneze logo mpya. Wewe unakaa unasoma inboksi ya mwezi mzima na unagundua maswali ni matatu tu yanajirudia, bei ngapi, saizi yangu ipo, na depositi ni kiasi gani. Kwa hiyo unaandika bei na saizi kwenye kapsheni. Kwenye WhatsApp Business unaweka majibu ya haraka kwa hayo maswali matatu, unapanga nguo kwenye katalogi, unaweka lebo kwa kila mteja, huyu ameuliza, huyu amelipa depositi, huyu hajarudisha nguo.

Mwezi kabla hujaanza waliouliza walikuwa 40 na waliolipa depositi 6. Mwezi wako wa kwanza waliouliza wakashuka wakawa 31, ila waliolipa wakawa 14. Laiki hazijasogea popote.

Mtu wa haraka ataficha ile 31 kwa sababu inaonekana amefeli. Kumbe ndio sehemu tamu ya hadithi nzima: walioondoka ni wale wa kuuliza bei tu na kupotea, sasa wanaiona kwenye picha wanapita zao, wewe umebaki na wenye hela mkononi. Ukiandika hivyo kwenye potifolio, kwa sentensi za kawaida, na skrinishoti moja ya kapsheni ya zamani pembeni ya mpya, mwenye biashara yeyote anayesoma anaelewa kwamba huyu mtu anafikiria kuhusu hela yangu. Hicho ndicho anachotafuta, na kusema kweli sijaona kitu kingine kinachomvuta mwenye duka zaidi ya hicho.

Ila usidanganye na msimu. Kama mwezi wako wa kwanza ulikuwa Desemba, watu wanaoa Desemba, na diaspora wamerudi nyumbani, gomesi zingetoka tu hata kama ungelala. Kama ulianza wakati wa Kwaresima harusi za Wakristo zinapungua na ukapata 14 bado, hiyo ni kubwa zaidi, iseme. Na Februari watoto wanarudi shule hakuna mtu ana hela ya kitu kingine. Bosi aliyekaa sokoni miaka kumi anaijua hii kalenda kuliko wewe, ukimletea namba za Desemba bila kutaja Desemba anakuona muongo hapohapo.

Namba ambazo watu wanazichanganya

Kuna tatu unazihitaji kila siku. Ya kwanza ni waliofikiwa, yani watu wangapi tofauti waliiona posti. Ya pili ni mara ilizotazamwa, hapa mtu mmoja akiangalia mara tano anahesabiwa tano, ndio maana hii namba siku zote inakuwa kubwa na ndio watu wanapenda kuiweka kwenye kava. Ya tatu ni walioshughulika nayo, waliolaiki, waliokomenti, walioshea, walioisevu.

Hizo peke yake hazisemi mengi mpaka uzigawanye. Posti imefikia watu 12,000 na walioshughulika ni 120, hiyo ni asilimia 1. Posti ingine imefikia watu 400 tu na walioshughulika 36, hiyo ni asilimia 9. Ya pili ndogo lakini iliwagusa walioiona, na kama wewe ni duka la Ntinda unayeuza keki kwa watu wa Ntinda, hao 400 wanaweza kuwa ndio soko lako lote, wale 12,000 labda wako Lagos. Tena kama uliibust, yani ulilipia ionekane kwa watu wengi zaidi, sema uliibust na kwa kiasi gani, kwa sababu wafikiwa wa kununua na wafikiwa waliokuja wenyewe sio kitu kimoja, na mtu anayejua kazi atakuuliza swali hilo la kwanza.

Hapa Uganda kuna kitu kingine ambacho vitabu vya nje havitakwambia. Facebook ilifungwa Januari 2021 siku chache kabla ya uchaguzi, baada ya kampuni yenyewe kufuta akaunti ilizosema zinahusiana na wizara ya serikali, na tangu hapo watu wetu wanaingia kwa VPN, programu inayofanya simu ionekane iko nchi ingine. Sasa mtu yuko Mukono amekaa anakula muhogo, simu yake inaweza kuonyesha yuko Amsterdam. Ukifungua takwimu za peji ya klaenti wako unaweza kukuta eti wafuasi wengi wako Ulaya na Marekani, na nimeona watu wanaandika kwa fahari kabisa kwenye potifolio "nimefikisha biashara kimataifa". Hapana. Na tangazo ulilolipia lilenge Kampala linaweza kumkosa mtu aliye Kampala kabisa. Ukiandika kwenye potifolio mstari mmoja tu kwamba namba za miji za Facebook nimezichukua kwa tahadhari kwa sababu ya VPN, kwa hiyo nilihesabu simu na meseji za WhatsApp badala yake, huo mstari unaonyesha unaijua Uganda, na kuna makampuni ya Nairobi na London yanatafuta mtu wa namna hiyohiyo.

Kitu kidogo cha kiufundi kabla sijasahau: Instagram haikupi takwimu kama akaunti ni ya kawaida, lazima ibadilishwe iwe ya kibiashara au ya mtunzi, ni bure. Na usisubiri kuondoka ndio ukusanye ushahidi. Stori zinapotea baada ya masaa 24, na siku mkikosana na klaenti akakutoa kwenye akaunti huoni tena kitu. Piga skrinishoti ya siku ya kwanza kabla hujagusa chochote, halafu kila mwisho wa mwezi, uweke kwenye folda yenye jina na tarehe. Asiye na skrinishoti ya siku ya kwanza hawezi kuthibitisha kwamba chochote kilibadilika.

Yale yanayosemwa mitaani

"Bila wafuasi wengi hupati kazi." Hii ndio inaua vijana wengi. Akaunti yako binafsi yenye wafuasi 300 haina neno, unaajiriwa kuendesha akaunti ya mtu. Kuna wenye wafuasi laki moja kwa sababu wanacheza vizuri TikTok, ukiwapa peji ya SACCO hawajui waanzie wapi, na sio kosa lao maana ni kazi mbili tofauti. Wafuasi wa kununua ndio usiguse kabisa, mtu anaangalia peji ina wafuasi elfu 20 na posti zina laiki 4, anafunga.

"Sijawahi kupata klaenti kwa hiyo siwezi kuwa na potifolio." Hii inazunguka kama ng'ombe wa kinu lakini ina njia mbili tatu za kutokea. Kwaya ya parokia ina peji iliyokufa tangu kolona, msikiti unahitaji mtu wa kutangaza madarasa, timu ya mtaa inacheza kila Jumapili na hakuna anayeposti matokeo, shangazi yako anauza samaki Ggaba na anapostia status tu. Omba upewe moja, kwa muda unaojulikana, tuseme miezi miwili, na mkubaliane kabisa kwa maandishi hata kama ni meseji ya WhatsApp: nafanya hivi na hivi, nitaruhusiwa kuonyesha matokeo. Bila mwisho unaojulikana utakuwa mfanyakazi wa bure wa kanisa mpaka uzeeke, nasema hivi kwa upendo.

Njia ingine ni akaunti yako ya majaribio. Chagua mada moja, mfano mahali pa kula rolex safi, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, Makerere na Kikoni, uiendeshe wiki kadhaa kwa mpango, uandike ulichojifunza. Njia ya tatu ni kazi ya mazoezi, unachukua biashara ambayo haijakuajiri unaonyesha ungefanyaje. Inaruhusiwa, ila andika kwa herufi kubwa juu kabisa KAZI YA MAZOEZI. Kuna vijana wanaweka logo za mabenki na makampuni ya simu kana kwamba walifanya kazi huko, na Kampala hii ni ndogo, mtu anayesoma potifolio yako ana shemeji yake kwenye ile ofisi.

"Lazima uwe na cheti." Cheti kinasaidia kwa mashirika makubwa na NGO ambako kuna mtu wa HR anatiki vibox. Meta Blueprint na HubSpot Academy wana masomo ya bure, soma, weka kwenye CV. Kwenye potifolio hakina kazi kubwa.

"Lazima uwe na website." Hapana. Google Drive yenye folda safi inatosha, au PDF, au kurasa za Canva.

Hapo kwenye PDF nisimame kidogo. Wengi tunakumbuka Julai 2018 tulipoanza kulipa shilingi 200 kwa siku ili tu ufungue WhatsApp, ile kodi ikafutwa 2021 ikaja asilimia 12 juu ya bando, kwa hiyo intaneti hapa bado ni kitu watu wanakihesabu. Halafu wewe unamtumia mwenye duka la Kikuubo faili la MB 90 lenye video sita. Hafungui, na hata akitaka simu yake imejaa. Fanya potifolio iwe nyepesi, chini ya MB 5 ukiweza, kurasa sita mpaka nane, kazi tatu nzuri kuliko kumi na mbili za kawaida, video ziwe linki. Kisha jitumie mwenyewe kwenye simu ya bei ndogo, ile yenye kioo kimepasuka, uone kama maandishi yanasomeka bila kuzumu. Bosi wako mtarajiwa ataisoma kwenye taxi akiwa amekwama kwenye jam ya Jinja Road.

Halafu kuna suala la siri za watu. Skrinishoti ya mazungumzo na mteja aliyekuja amewaka na wewe ukamtuliza ni ushahidi mzuri sana, mimi ningeiweka mbele ya posta zote kwa sababu kuchora wengi wanaweza ila kumjibu mtu aliyekasirika saa nne usiku bila kumkasirisha zaidi wachache wanaweza. Lakini jina lake, picha yake na namba yake ya simu vifute kabisa, usifunike kwa brashi ya kupenyesha ambayo mtu akiongeza mwanga anaona kila kitu. Uganda ina sheria ya kulinda data na faragha tangu 2019, na namba ya simu ya mtu ni data yake, sio yako wala ya klaenti wako kuitangaza. Mapato ya klaenti nayo muulize kwanza. Akikataa namba halisi, andika "depositi ziliongezeka zaidi ya mara mbili" na inatosha.

Lugha pia iweke kama ushahidi. Kampala unaandika Kiingereza kimechanganyika na Luganda na watu wanacheka wanashea, lakini duka la Busia, Malaba au Mutukula linauza kwa watu wa pande zote mbili za mpaka na pale Kiswahili ndio hela, na Arua pia watu wanakiongea sokoni bila kufikiria mara mbili. Serikali yenyewe ilikubali kiwe lugha rasmi Julai 2022. Onyesha kapsheni moja ya bidhaa moja uliyoiandika kwa lugha tatu, na usitafsiri neno kwa neno, onyesha kwamba mzaha wa Luganda uliuacha ukatafuta mwingine. Ila uwe makini, Kiswahili chetu wengi tumekiokota kwa askari na kwa madereva wa trela, ukimwandikia mtu wa Dar kwa ile sauti ya kambini atafikiri umemkamata.

Kuhusu ChatGPT na wenzake, mabosi wanauliza siku hizi. Jibu la kweli ni zuri tu, sema unatumia kutafuta mawazo halafu unaandika mwenyewe. Kapsheni ya mashine inajulikana, ina vikaragosi vya roketi kila mstari na inaongea kama hotuba ya kampuni, na mtu anayeuza matooke hawezi kuongea hivyo.

Mwisho wa yote ni pale wanapokupenda na kukuambia "tufanyie jaribio". Jaribio la posti mbili au tatu ni haki yao, fanya, na liweke kwenye potifolio baadaye kama kazi ya mazoezi. Ila kuna wale wanaoomba kalenda ya mwezi mzima, kapsheni thelathini na picha zake, kutoka kwa waombaji kumi tofauti, halafu kimya, na baada ya wiki mbili unaona maneno yako kwenye peji yao. Wa namna hiyo mpe wiki moja iliyoandikwa kwa kichwa cha habari tu, Jumatatu swali kwa wateja, Jumatano bei, Ijumaa mteja aliyeridhika, na umwambie kapsheni kamili zinakuja tukishasaini. Kama ni mtu wa kweli atakupigia simu mzungumze bei.